Martin Kayamba: karani aliyekwenda London kutusemea

Juzi kijiweni hapa Mlowo ubishi ulikuwa mkali, jamaa mmoja kashikilia kwamba kabla ya TANU nchi hii haikuwa na wanasiasa, walikuwepo machifu na wakoloni basi. Nikamuuliza kama anamjua Martin Kayamba. Kimya! Sasa ngoja niwamegee kidogo.

Mzee huyu alizaliwa Mbweni, Zanzibar, mwaka 1891, kwao hasa ni Ubondei, Tanga. Alisoma Kiungani kwa wamisionari wa UMCA, kisha akapiga ukarani Kenya na Uganda. Vita ya 1914 ilimkuta upande wa Mjerumani akifanya biashara. Wakamkamata kama mtu wa Mwingereza, akasota kifungoni Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji 1916.

Mwaka 1922 yeye na wenzake wakaanzisha Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika, TTACSA. Waislamu na Wakristo, makabila mchanganyiko. Kwa wakati ule si mchezo.

Lakini kubwa ni la 1931. Walowezi wa Kenya walikuwa wanataka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, na kila mtu alijua nani angeshika usukani. Kamati ya Bunge la Uingereza ikaita mashahidi. Kutoka kwetu wakapanda meli Waafrika watatu: Kayamba, Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamgira wa Bukoba. Wakasimama London wakaupinga muungano ule. Mwishoni kamati nayo ikaona wakati wake bado.

Sisi wa Mbozi hilo linatuhusu jamani. Miaka hiyohiyo walowezi wa Kizungu walikuwa tayari na mashamba ya kahawa huku kwetu. Sheria za ardhi za Kenya zingefika hapa, sijui leo babu zetu wangetuachia nini.

Aliporudi akaandika kitabu cha safari ile kwa Kiswahili, na 1932 akapelekwa Sekretarieti, Dar, cheo ambacho Mwafrika mwingine hakuwa nacho. Hapo ndipo wengine humwita kibaraka. Kweli, uhuru hakudai, aliamini kwenda polepole na Mwingereza. Mimi lawama hiyo naikubali nusu tu, maana yule aliyemwamini ndiye aliyembania: cheo kikubwa, maamuzi hana. Akastaafu 1938, na hakuishi sana baada ya hapo. Kitabu chake kingine kuhusu matatizo ya Waafrika kilitoka 1948, mwenyewe akiwa kaburini.

Haya wadau, kibaraka au siyo?