Msee wa Jicho Moja Aliyejua Jua Limeundwa na Nini

Unakumbuka labu ya kemia ukiwa Form One? Mwalimu anawasha bana ya Bunsen, moto unakuwa buluu, na kule nyuma kuna msee anachoma biro yake. Jina ulilikariri juu ya mtihani, ukasahau. Sasa tulia nikupe story ya mwenyewe.

Robert Bunsen alizaliwa Göttingen, Ujerumani, 1811. Akiwa bado kijana alianza kuchezea kakodili, kitu cha arseniki chenye harufu noma na kinachoshika moto kikikutana na hewa. Siku moja chombo kikalipuka. Kioo kikaingia jicho la kulia, likaisha. Sumu nayo karibu immalize. Wewe na mimi tungebadilisha kozi, manze. Yeye alirudi labu.

1846 akaenda Iceland kusoma volkano. Kama umewahi fika Bogoria, kabla ziwa lifure na kumeza baadhi ya zile chemchemi zinazoruka, basi unajua alichokuwa anafuata. Alishusha kipimajoto ndani ya shimo, akaonyesha kwamba maji ya chini, yakikandamizwa na ya juu, hupata moto kupita kiwango cha kuchemka kule juu, halafu yanalipuka. Wanaochimba mvuke Menengai leo wanaijua hiyo hesabu fiti.

Bana yenyewe alitoa 1855 akiwa Heidelberg, na fundi anaitwa Peter Desaga. Hakuisajili kama mali yake, doo akaachia wengine. Alichotaka ni moto usio na rangi yake, ndio rangi ya kitu unachochoma ionekane. Jaribu kuangalia jikoni: maji ya waru yenye chumvi yakimwagikia gesi, moto unageuka njano. Hiyo ni sodiamu, ile ile iliyojaa kwenye magadi ya Ziwa Nakuru.

Shida ni kwamba jicho hudanganyika, na yeye alibaki na moja tu. Beshte yake Gustav Kirchhoff, mtu wa fizikia, akaleta wazo: pitisha ule mwanga kwenye prizimu. Gesi moto haitoi rangi zote. Inatoa mistari, na kila elementi iko na yake, kama alama za vidole pale kwa kitambulisho. 1860 wakaona mistari ya buluu ambayo hakuna mtu aliijua. Wakachemsha karibu tani 40 za maji ya chemchemi ya Dürkheim, wakapata gramu chache tu za chumvi yake. Ilikuwa seziamu. Leo sekunde yenyewe hupimwa kwa seziamu, na saa za satelaiti zinazoonyesha boda yako imefika wapi Section 58 zinategemea elementi kama hiyo.

Hata kabla ya hiyo seziamu, walikuwa washageukia jua, na sodiamu ilikuwa huko pia. Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa, alikuwa ameandika 1835 kwamba hatutawahi kujua nyota zimeundwa na nini. Alikufa 1857. Angengoja miaka miwili tu!

Bunsen hakuoa. Alistaafu akiwa na miaka 78, akafariki Heidelberg 1899.

1974 satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa kwetu baharini karibu na Malindi. Ilipochungulia gesi moto iliyo katikati ya galaksi za Perseus, ikakuta mstari kwenye eksirei. Ulikuwa wa chuma.