Leo Fender: fundi wa redio aliyebadilisha gitaa la umeme bila kujua kulipiga

Magitaa yake yamesikika duniani kote, lakini yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Clarence Leonidas Fender, anayejulikana zaidi kama Leo Fender, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 karibu na mji wa Fullerton, jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na umri wa miaka 8 alipoteza jicho la kushoto kutokana na ugonjwa, akawekewa jicho la kioo.

Alisomea uhasibu, na aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimwachisha kazi. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Haukupita muda wanamuziki wakaanza kumletea amplifaya na magitaa yao.

Hapo ndipo alipolijua tatizo lao. Gitaa lenye tumbo wazi, sauti ikipandishwa sana, hulia lenyewe: sauti ya spika hurudi kutikisa ubao, ubao hutikisa nyuzi, na kelele huzidi. Dawa yake ilikuwa mwili wa mbao nzima, usio na tumbo. Mafundi wengine walikuwa wametangulia kujaribu wazo hilo. Fender aliongeza jambo moja: gitaa ambalo kiwanda kinaweza kulitengeneza kwa wingi na ambalo mwanamuziki wa kawaida anaweza kulinunua.

Gitaa hilo, alilolitengeneza pamoja na George Fullerton, lilitoka mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ililalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake, na mwaka 1951 likaitwa Telecaster. Mwili wake ulikuwa ubao bapa wenye unene wa karibu milimita 45. Mashine ya kuchonga ilifuata kigezo cha chuma, hivyo miili yote ikatoka na umbo moja. Shingo haikubandikwa kwa gundi. Ilifungwa kwa skrubu 4. Ikiharibika, fundi anaifungua na kuweka nyingine. Washindani walilicheka, wakilifananisha na kasia la mtumbwi. Baadaye nao walianza kutengeneza magitaa ya mbao nzima.

Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi, Precision Bass. Wapigaji wa Telecaster nao walilalamika kwamba kingo zake zinawaumiza mbavuni. Mwaka 1954 ikatoka Stratocaster, ambayo Freddie Tavares alisaidia kuichora. Mgongo wake ulichongwa ufuate mbavu, na mbele ukalainishwa mahali pa mkono.

Kisha ugonjwa ukamlemea. Akidhani hana siku nyingi za kuishi, mwezi wa Januari 1965 aliiuzia CBS kampuni yake kwa dola milioni 13. Baadaye daktari mwingine alimtibu, akapona. Aliishi miaka 26 zaidi, lakini jina la Fender lilikuwa mali ya wengine, na magitaa yake mapya hayakuweza kulibeba. Alirudi kazini hata hivyo, kwanza na Music Man, kisha na G&L, aliyoianzisha pamoja na rafiki yake George Fullerton.

Leo, kigezo cha chuma kimeachia nafasi mchoro wa kompyuta. Fundi huchora mzingo wa mwili, mashimo ya vinasa sauti na mahali pa shingo, kisha mashine inayoongozwa na kompyuta hukata mbao kwa vipimo hivyo. Usahihi ni lazima: kwenye Stratocaster, urefu wa uzi unaopigwa ni milimita 648. Daraja la nyuzi likikaa pasipo pake, noti za juu hazitalingana na za chini. Ubao bapa na shingo ya skrubu ni rahisi kwa mashine hiyo, kwa kuwa Fender alivifikiria kwa ajili ya kiwanda tangu mwanzo.

Leo Fender alifariki tarehe 21 Machi 1991 mjini Fullerton, akiwa na umri wa miaka 81. Alikuwa akiugua ugonjwa wa Parkinson, lakini hakuacha kwenda kwenye karakana yake hadi siku zake za mwisho.