Fausto Coppi: milima haikumshinda, malaria ilimuua

Tarehe 2 Januari 1960, saa tatu kasorobo asubuhi, mwendesha baiskeli Fausto Coppi alifariki katika hospitali ya mji wa Tortona, kaskazini mwa Italia. Alikuwa na umri wa miaka 40. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa Afrika, akiwinda na kushindana na wenzake. Madaktari waliomtibu walidhani ni mafua makali. Kumbe ilikuwa malaria.

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 huko Castellania, kijiji kidogo cha wakulima juu ya vilima. Nyumbani walikuwa watoto watano, na shamba halikuwatosha. Akiwa kijana alienda kufanya kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure, akipeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli. Kazi hiyo vijana wengi wa Butembo na Beni wanaijua: kinga moja, mzigo, na vilima kila upande. Huko alikutana na Biagio Cavanna, mchua misuli aliyekuwa kipofu. Cavanna aliupapasa mwili wa kijana huyo mwembamba mwenye miguu mirefu, akatambua kwamba huyu si wa kupeleka nyama maisha yake yote.

Mwaka 1940 Coppi aliingia Giro d'Italia, mashindano ya wiki tatu kuzunguka nchi, kama msaidizi wa Gino Bartali, bingwa mkubwa wa wakati huo. Bartali aligonga mbwa, akaanguka na kuumia. Msaidizi akashinda mashindano yote, akiwa na miaka 20 tu. Siku iliyofuata Italia iliingia katika vita ya pili ya dunia. Coppi alipelekwa Tunisia kama askari, na mwaka 1943 Waingereza wakamkamata. Ndivyo alivyoijua Afrika kwa mara ya kwanza, kama mfungwa wa vita.

Baada ya vita ndipo dunia ilipomwona kweli. Mwaka 1946 alishinda mbio za Milan hadi San Remo kwa kumwacha wa pili dakika 14. Giro alishinda mara tano, Tour de France mara mbili, na mwaka 1949 akawa mtu wa kwanza kushinda zote mbili katika mwaka mmoja.

Lakini siku inayozungumzwa mpaka leo ni tarehe 10 Juni 1949. Hatua ya siku hiyo ilitoka Cuneo kwenda Pinerolo, kilomita 254, kupitia mapito matano ya milima ya Alps kwenye mpaka wa Italia na Ufaransa: Maddalena, Vars, Izoard, Montgenèvre na Sestriere. Izoard iko mita 2,360 juu ya bahari. Montgenèvre, lililo chini kuliko mengine yote, lina mita 1,850, karibu sawa na pale Butembo ilipo. Mvua ilinyesha, na sehemu kubwa ya barabara haikuwa na lami, bali changarawe na matope. Wanaosukuma baiskeli na chukudu zenye mizigo kupandisha Butembo hawahitaji kuelezwa maana yake. Coppi aliwaacha wenzake katika mpando wa kwanza, akabaki peke yake kwa kilomita 192. Alipofika Pinerolo, Bartali alikuwa nyuma kwa karibu dakika 12.

Mwaka 1953 Giro ilipandishwa kwa mara ya kwanza Stelvio, mita 2,758, theluji ikiwa kando ya barabara. Mswisi Hugo Koblet ndiye aliyekuwa akiongoza. Coppi akamwacha mlimani na kumnyang'anya ushindi. Leo kuna waendeshaji wa kawaida wanaolipa kampuni za utalii ili wapite milima hiyo hiyo kwa siku kadhaa, wakiwa na kiongozi mbele na gari la msaada nyuma.

Nje ya barabara, maisha yake hayakuwa mepesi. Mdogo wake Serse, naye mwendesha baiskeli, alikufa mwaka 1951 baada ya kuanguka katika mashindano huko Torino. Kisha Coppi, aliyekuwa na mke, akaanza kuishi na Giulia Occhini, mke wa daktari. Sheria ya Italia wakati huo iliadhibu uzinzi, na wote wawili walihukumiwa. Nchi nzima iligawanyika juu yao. Mtoto wao wa kiume alizaliwa mbali, Argentina, mwaka 1955.

Desemba 1959 Coppi alialikwa Haute-Volta, nchi inayoitwa leo Burkina Faso, pamoja na Jacques Anquetil, Raphaël Géminiani na wengine. Walishindana mjini Ouagadougou, wakaenda kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa wengi.

Waliporudi Ulaya, homa iliwapata wote wawili. Géminiani alizimia. Huko Ufaransa damu yake ilipelekwa kupimwa katika taasisi ya Pasteur, malaria ikaonekana, akapewa kwinini. Watu wa karibu wa Géminiani walisema kwamba habari hiyo ilipelekwa Italia kabla Coppi hajafa, lakini madaktari wake hawakuisikiliza.

Homa ya malaria hufanana na homa nyingine nyingi, na Beni inalijua hilo vizuri. Mwaka 2018, wakati wa Ebola, hadi nusu ya watu waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria peke yake. Ndiyo maana mwezi Novemba mwaka huo wizara ya afya na shirika la afya duniani walianza kugawa dawa za malaria na vyandarua huko Beni, wakilenga watu 450,000.

Tangu mwaka 1965, sehemu ya juu kabisa ya Giro ya kila mwaka inaitwa Cima Coppi, maana yake kilele cha Coppi. Géminiani, aliyepimwa damu, alifariki Julai 2024, akiwa na miaka 99.