Andrés Bello na Wakati wa "Ngali"

Jina la Simón Bolívar, yule jemadari aliyezikomboa nchi za Amerika ya Kusini katika utawala wa Hispania, linajulikana na kila mwanafunzi aliyesoma historia. Lakini jina la kijana aliyemfundisha kwa muda mfupi huko Caracas halijulikani sana huku kwetu. Kijana huyo alikuwa Andrés Bello, naye hakushika upanga. Kazi iliyomshughulisha miaka mingi ilikuwa kutafuta maana ya nyakati za vitenzi.

Bello alizaliwa mjini Caracas, nchi ya Venezuela, tarehe 29 Novemba 1781. Baba yake alikuwa mwanasheria, tena mwanamuziki wa kanisa kuu. Mtoto alifundishwa Kilatini na mtawa mmoja wa Shirika la Mercedari, na Kifaransa na Kiingereza alijifunza mwenyewe kwa vitabu. Mwezi wa Januari 1800 aliandamana na mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, kupanda mlima ulio juu ya mji, ila mwili wake haukuwa na nguvu, akarudi kabla ya kufika kileleni. Baadaye alipata kazi ya ukarani serikalini, na usiku akawa anasoma sarufi.

Siku zile sarufi za Kihispania ziliifuata mno sarufi ya Kilatini. Umbo la cantaría, yaani angeimba, liliwekwa fungu moja na cantara na cantase, ambayo ni maumbo ya shaka na matakwa, na mwanafunzi akaachwa akariri tu. Bello hakuridhika. Aliona kwamba kila umbo la kitenzi lina mahali pake katika mfululizo wa wakati, na kwamba jina la umbo lingefaa kutuonyesha mahali hapo. Umbo la cantaría akaliita pospretérito, kwa sababu huonyesha jambo lililo baada ya jambo lililokwisha kupita. Je, habría cantado? Umbo hili lina maneno mawili: la kwanza ni kitenzi kisaidizi haber, ambacho hubadilika kwa kila nafsi (habría, habrías, habríamos, habrían), na la pili ni kitenzi chenyewe katika umbo la jambo lililotimia, ambalo halibadiliki. Hilo aliliita antepospretérito. Jina ni refu kama treni, lakini ukilifungua vipande vipande limejieleza lenyewe: kabla ya jambo lililo baada ya jambo lililopita.

Natoa mfano. Tuseme msafiri aliaga kwao akaahidi kwamba kabla ya Krismasi atakuwa amerudi. Mhispania akisimulia ahadi hiyo husema dijo que antes de Navidad habría vuelto. Hapo pana mambo matatu. Kwanza ahadi, nayo imepita. Pili Krismasi, ambayo ni baada ya ahadi. Tatu kurudi, ambako ni kabla ya Krismasi. Sisi katika Kiswahili tungeacha maneno ya msafiri yabaki kama alivyoyasema, atakuwa amerudi. Mhispania huyavuta yote nyuma mpaka wakati wa ahadi. Jambo hili huwatatiza wageni wengi wanaojifunza lugha ile.

Mwaka 1810 watu wa Caracas waliunda serikali yao wenyewe, wakatuma wajumbe watatu London kuomba msaada: Bolívar, Luis López Méndez, na Bello awe katibu wao. Bolívar alirudi mwaka ule ule. Bello alibaki. Mwaka 1812 serikali ya kwao ikaangushwa na majeshi ya mfalme, na mshahara ukakatika. Akakaa London miaka kumi na tisa. Alifundisha watoto wa watu lugha, akanakili maandiko ya mwanafalsafa Jeremy Bentham, ambaye mwandiko wake ulikuwa shida kusomeka, na muda uliobaki alikuwa katika maktaba ya British Museum. Alioa huko, na mkewe akafa mwaka 1821, akamwachia watoto wadogo. Baada ya miaka mitatu akaoa tena. Zaidi ya hayo watu walimzulia kwamba mwaka 1810 aliwasaliti wenzake kwa gavana wa Hispania. Neno hilo halikuthibitishwa kamwe, lakini lilimwuma maisha yake yote.

Hatimaye alipata kazi katika ubalozi wa Kolombia, nchi ya Bolívar, ila mshahara ulichelewa mno na jamaa yake ilikuwa kubwa. Serikali ya Chile ikamwita. Mwezi wa Februari 1829 akapanda meli pamoja na mke na watoto. Tarehe 27 Aprili mwaka ule ule, Bolívar aliandika barua akimwomba balozi wake asimwache Bello apotee, amshawishi aende Kolombia. Bello alikwisha kuwa baharini.

Hapa ndipo mahali pa matumizi ya pili ya umbo lile, na ndiyo yanayojulikana zaidi: si la carta hubiera llegado antes, Bello habría ido a Bogotá. Kama barua ingalifika mapema, Bello angalikwenda Bogotá. Tazama sentensi hii kwa makini. Hamna neno la kukanusha ndani yake, si katika Kihispania wala katika Kiswahili, na hata hivyo kila asikiaye anajua kwamba barua haikuwahi na Bello hakwenda. Bello alieleza kwamba hayo ni matumizi ya kimafumbo: lugha hulichukua umbo la wakati uliopita ikalifanya alama ya kusema kwamba jambo silo. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo lake zuri kuliko yote, maana Kihispania kwa umbo moja hufanya kazi mbili ambazo sisi tunazifanya kwa maumbo mawili, atakuwa amerudi na angalirudi.

Huko Chile aliheshimiwa sana. Alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile, kilichoanzishwa 1842, akashika cheo hicho mpaka kufa. Aliandika sheria za madai za nchi, zilizotangazwa 1855, na nchi nyingine, kama Ekwado, zikazifuata. Mwaka 1841 alichapisha mjini Valparaíso uchambuzi wake wa nyakati za vitenzi, kazi aliyoianza Caracas zaidi ya miaka thelathini kabla yake, akaibeba London katika umaskini wake wote. Mwaka 1847 ikafuata sarufi yake kubwa, aliyoiandika kwa ajili ya watu wa Amerika. Aliogopa kwamba lugha ya jamhuri zile mpya itapasuka vipande kama Kilatini kilivyopasuka.

Chuo cha Lugha cha Hispania kilimpa uanachama wa heshima mwaka 1851, ingawa mpangilio wake wa vitenzi hakikuukubali upesi. Katika sarufi kubwa ya chuo hicho ya mwaka 2009 majina aliyoyatunga Bello yamewekwa kando ya majina ya kawaida, na watoto wa shule huko Meksiko hujifunza antepospretérito hata leo.

Bello alikufa mjini Santiago tarehe 15 Oktoba 1865, akiwa karibu kutimiza miaka 84. Mama yake aliagana naye Caracas mwaka 1810, nao hawakuonana tena.