McAdam: Ukitarmac unataja jina lake

Kijana wa Machakos akimaliza chuo, akatia vyeti kwenye bahasha na kuanza kuzunguka ofisi hadi ofisi akisaka kazi, wenzake husema anatarmac. Neno lenyewe limezoeleka hivi kwamba ni wachache wanaojiuliza lilikotoka. Ndani yake mna jina la mtu: John Loudon McAdam, Mskoti aliyefariki mwaka wa 1836.

Na yeye mwenyewe maisha yalimtarmacisha si haba.

McAdam alizaliwa Septemba 1756 mjini Ayr, Scotland, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 10. Babake alifariki mwaka wa 1770. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi, alivushwa bahari hadi New York kuishi na amu yake aliyekuwa mfanyabiashara. Huko alijifunza biashara na akatajirika akiwa bado kijana.

Lakini vita vya uhuru wa Marekani vilipozuka, alisimama na Mfalme wa Uingereza, upande ulioshindwa. Mwaka wa 1783 alirudi Scotland na familia yake, sehemu kubwa ya mali ikiwa imepotea. Kilichobaki kilitosha kununua shamba katika eneo la Ayrshire na kuanza upya.

Ni huko alikoingia kwenye bodi ya barabara za mtaani kwao. Enzi hizo wasafiri walitozwa ushuru njiani, ila barabara zenyewe zilikuwa aibu: tope wakati wa mvua, vumbi na mashimo jua likiwaka. McAdam alianza kujiuliza pesa zinaenda wapi. Alisafiri maelfu ya kilomita, kwa gharama yake, akikagua barabara na kuandika alichokiona.

Kuna kioja hapa. Wakati huohuo alikuwa na kiwanda cha kutengeneza lami kutokana na makaa ya mawe. Lami hiyo ilikuwa ya kupaka mashua na meli ili mbao zisioze. Mtu aliyekuwa na lami mkononi na barabara akilini hakuwahi kuviunganisha viwili hivyo.

Baadaye alihamia Bristol, Uingereza, na mwaka wa 1816 akapewa usimamizi wa barabara za eneo hilo. Alikuwa karibu kutimiza miaka 60, umri ambao wengi hufikiria kustaafu. Yeye ndipo kazi yake ilipoanza kujulikana.

Wajenzi wa wakati huo waliamini barabara imara sharti iwe na mawe makubwa chini kama msingi wa nyumba. McAdam alikataa. Kwake, kinachobeba gari ni udongo wenyewe, mradi uwe mkavu. Kwa hivyo aliinua barabara kidogo juu ya ardhi, akachimba mitaro kandokando, na kuacha mgongo mdogo katikati ili maji yateremke pembeni.

Juu ya udongo huo alitandaza kokoto, tabaka baada ya tabaka, jumla ya sentimita 25 hivi. Zilikuwa kokoto zilizovunjwa kwa nyundo, zenye kona kali. Mawe laini ya mtoni hayakumfaa, kwa sababu ya mviringo huteleza lakini ya kona hubanana. Magurudumu ya magari ya farasi yalipopita juu yake, yaliyashindilia mawe hayo hadi yakashikana kama ukuta.

Siri ilikuwa kipimo. Hakuna jiwe lililoruhusiwa kuzidi gramu 170 hivi, na wakaguzi walibeba mizani ndogo kulihakikisha. Wavunjaji mawe, wakiwemo wanawake, wazee na watoto, waliketi kando ya njia wakigonga kutwa. Ni kazi ambayo mtu aliyepita karibu na machimbo ya Mlolongo au Katani hahitaji kuelezwa.

Sifa zake zilienea. Mwaka wa 1823 Wamarekani walijenga barabara yao ya kwanza ya mtindo huo katika jimbo la Maryland, na hawakungoja magurudumu yafanye kazi. Walitumia rola nzito ya chuma kushindilia. Huko Uingereza, Bunge lilimrudishia McAdam pesa alizotumia. Alipotunukiwa cheo cha heshima na Ufalme, alikikataa kwa sababu ya uzee, na cheo hicho kikamwendea mwanawe James. McAdam alifariki Novemba 26, 1836 mjini Moffat, Scotland, akiwa na miaka 80.

Lami ilikuja baadaye. Magari ya injini yalipoanza kutimua vumbi, Edgar Purnell Hooley alichanganya lami na mawe ya mtindo wa McAdam, na mwaka wa 1902 akasajili uvumbuzi huo. Mchanganyiko huo ndio ulioitwa tarmac: nusu lami, nusu McAdam.

Leo lami hutokana na mafuta ghafi, lakini hesabu bado ni ya mzee yule: pima, kausha, shindilia.

Jaribu mwenyewe. Chukua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, itakayowekwa lami ya unene wa sentimita 5. Zidisha 1,000 kwa 7 kwa 0.05, upate mita 350 za ujazo. Kila mita ya ujazo ikishashindiliwa ina uzani wa tani 2.4 hivi, kwa hivyo unahitaji tani 840, sawa na malori 42 ya tani 20.

Ila lami ikimwagwa huwa imefura. Ili ubaki na sentimita 5, lazima itandazwe ikiwa na zaidi ya sentimita 6, kisha mashine ipite ikiwa bado moto. Inatoka kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi. Lori likikwama kwenye msongamano hadi ipoe, mashine itapita mara 20 bila faida. Matundu ya hewa hubaki ndani, maji hupenya, na mvua chache baadaye ni mashimo.

Maji hayo yakifika kwenye udongo mweusi wa nyanda za Athi River na Mlolongo, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata lami nene haiponi. Ndiyo maana mtaro usiozibuliwa ni adui wa barabara kuliko lori.

Sasa tuseme mwanakandarasi anaweka sentimita 4 badala ya 5. Kwa macho hutaona chochote. Siku ya uzinduzi barabara itang'aa vilevile. Lakini rudia hesabu: tani 672. Tani 168, zaidi ya malori manane, zimelipiwa na mlipa ushuru na hazikufika barabarani, na hiyo ni kilomita moja tu.

Wahandisi hugundua hilo kwa kukata kipande cha mviringo kwenye lami na kukipima unene na uzito. McAdam alifanya hivyo kwa mizani ya mkononi. Kijana mwenye kalamu na vipimo vya mradi anaweza kuanza na kuzidisha tu, kisha aulize malori mangapi yalikuja.