Mtoto Mchoraji Aliyeuchungulia Ubongo wa Nzi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Katika Kitabu Chake zimo sura zenye majina ya nyuki na sisimizi, na nzi naye amepigiwa mfano. Viumbe hawa sisi huwafukuza kwa mkono. Mwaka huu tumeona tuwaeleze wanafunzi na wazazi wetu habari za mtu aliyewatazama mpaka ndani ya vichwa vyao.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, nchini Hispania. Baba yake alikuwa tabibu, tena mkali. Mtoto alipenda kuchora, na baba aliona huko ni kupoteza wakati. Alipozidi utundu shuleni, alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu. Kuchora hakuacha. Baadaye baba alimfundisha mifupa ya mwanadamu, na mkono ule uliodharauliwa ukapata kazi: kuchora mifupa hiyo. Mwaka 1873 alihitimu udaktari mjini Zaragoza, mji ambao Waislamu wa Andalus waliuita Saraqusta.

Alitumikia jeshi huko Cuba, akaugua malaria, akarudi dhaifu. Akiba ya mshahara wake aliinunulia hadubini.

Zama zile wataalamu wengi waliamini kuwa ubongo ni wavu mmoja ulioshikamana. Mtaliano Camillo Golgi alikuwa amegundua njia ya kuzitia seli za ubongo rangi nyeusi. Cajal aliijua njia hiyo mwaka 1887, akaiboresha, na mwaka 1888 akiwa Barcelona akaona kuwa kila seli imesimama peke yake, ikipokea habari kwa jirani na kuipeleka mbele. Alichapisha jarida kwa fedha zake, lakini wachache walijali. Hakukata tamaa. Mwaka 1889 alichukua hadubini yake hadi Berlin, akawaonyesha wakubwa wa fani kwa macho yao. Mwaka 1906 yeye na Golgi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel, ingawa Golgi aliendelea kumpinga.

Kisha akawageukia wadudu. Mwaka 1915, yeye na Domingo Sánchez walitoa kitabu juu ya ubongo wa nyuki, nzi na wadudu wengine. Mtu angedhani kiumbe mdogo ana ubongo mwepesi. Cajal alikuta kinyume chake: nyuma ya jicho la mdudu nyuzi zimepangwa tabaka kwa tabaka, kwa ufundi uliomshangaza. Aliulinganisha na saa ndogo ya mfukoni mbele ya saa kubwa ya ukutani.

Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda. Ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya ufuta walihesabu seli zaidi ya 139,000 na viungio zaidi ya milioni 50.

Cajal hakuwa Muislamu, lakini kazi yake inatuzidishia mazingatio juu ya uumbaji wa Allah (S.W.). Wazazi wetu, kabla ya kumnyang'anya mtoto penseli, tumtafutie cha kuchora. Nanyi wanafunzi, msikidharau kidogo kabla ya kukitazama. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.