Asmaa na Mama Aliyebisha Hodi Madina

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi, swali linalorudi kila mwaka huulizwa na wenzetu waliosilimu wakiwa chuoni, na huulizwa kwa sauti ya chini. Hapa Burundi wengi wao wametoka katika nyumba za Wakristo. Baba hapokei simu, mama kasema usirudi. Je, dini inataka nifanye nini? Mimi huwasimulia habari za Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.).

Tunamjua kwa mshipi wake. Mwaka 622, Mtume (S.A.W.) na Abubakar walipokuwa wakihama, aliupasua vipande viwili ili afungie chakula chao cha safari. Abu Jahl akamzaba kofi hadi kipuli kikadondoka, kwa kuwa hakusema baba yake yuko wapi. Siku hizo hizo babu yake, Abu Quhafa, mzee kipofu ambaye bado hakuwa ameamini, akaja akihofu kwamba mwanawe ameondoka na fedha zote. Na kweli alikuwa amezichukua. Asmaa akapanga mawe katika shubaka la ukutani, akayafunika kwa nguo, akaushika mkono wa mzee na kuuweka juu yake. Mzee akatulia. Kisa hiki nakipenda kuliko cha mshipi: binti anapigwa kwa ajili ya dini yake, na bado anapata nafasi ya kumwondolea hofu mzee asiyeiamini dini hiyo.

Jeraha lake lilikuwa kwa mama. Qutayla binti Abdul-Uzza alikuwa ameachwa na Abubakar zama za ujahiliya. Asmaa akasilimu miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa, mama akabaki na masanamu ya Makka. Kisha binti akahamia Madina akiwa na mimba ya Abdallah. Zikafuata Badri, Uhudi na Handaki: mji wa mama ukipigana na mji wa binti.

Mwaka 628 ukaja mkataba wa Hudaybiya, njia zikafunguka. Qutayla akafunga safari hadi Madina, akiwa na zawadi, samli ikiwemo. Imepokewa kwamba Asmaa hakuzipokea, wala hakumruhusu mama yake kuingia, mpaka kwanza iulizwe kwa Mtume. Jibu lilikuwa fupi: aunge udugu na mama yake. Wafasiri wengi wamekihusisha kisa hiki na aya ya 8 ya Suratul-Mumtahana, inayoruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita kwa sababu ya dini.

Tazama alichoambiwa na ambacho hakuambiwa. Hakuambiwa aifiche imani yake. Hakuambiwa amngoje mama asilimu ndipo amkaribishe. Wengi wetu tunangoja mzazi aanze. Mzazi wa Asmaa alianza, akaja mwenyewe na samli mkononi, na bado mlango ulikaribia kubaki umefungwa, tena kwa nia njema ya kuilinda dini. Na muda haukuwa mrefu. Mkataba ule uliandikwa kuwa wa miaka 10, haukumaliza hata miwili.

Ulipovunjika, Mtume akaingia Makka mwaka 630. Abubakar akamleta baba yake, yule mzee wa mawe, nywele zake nyeupe kabisa. Mtume akasema kwamba angeachwa nyumbani, yeye ndiye angemwendea. Abu Quhafa akasilimu siku hiyo, na akaishi hadi baada ya mwanawe kufariki mwaka 634.

Asmaa alifika umri wa karibu miaka 100. Mwaka 692, majeshi ya Hajjaj yalipoizingira Makka, Abdallah alikuja kumuaga. Mama alikuwa hana macho tena. Alipomkumbatia mwanawe, mkono wake ukagusa deraya chini ya nguo, akamwambia aivue. Akaivua, akatoka, akauawa. Asmaa alimfuata baada ya siku chache.